Mguu wa Waya na Mume wa Angeline

Mpendwa Mama Georgette,

Ninakuomba unisaidie kufikiri, kwa kuwa kila jibu ninalolipata asubuhi ninaliona lina kasoro kabla ya jioni. Mimi na mwenzangu Darius tunatengeneza filamu fupi za sanamu hapa mjini Baraka, si katuni za kuchekesha watoto bali filamu za majaribio, zisizo na hadithi wala maneno: tunafinyanga watu wa udongo juu ya mifupa ya waya, tunasogeza mguu kidogo, tunapiga picha kwa simu, tunasogeza tena, mpaka picha zikifuatana udongo unatembea. Katika filamu yetu mpya watu wasio na nyuso wanavuka meza tu, na nilitaka kujua kama mtazamaji anaweza kumjali mtu asiye na chochote isipokuwa mwendo wake.

Nimejibiwa kuliko nilivyotaka. Tulipoionyesha katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda, mama mmoja Mrundi, Angeline, ambaye mume wake Manirakiza alipotea walipokuwa wakikimbia, alisimama akaenda hadi kwenye shuka tulilotundika kuonyeshea filamu, akamwonyesha kwa kidole mmoja wa wale watu, anayechechemea.

“Ule ni bwana yangu. Ulimuonaka wapi?”

Nikamweleza kwamba yule ni udongo, na kwamba anachechemea kwa sababu waya wa goti ulikatika katikati ya kazi nasi tukaendelea hivyo hivyo.

“Waya itajuaje kuvuta muguu na kuinamisha bega? Usinifiche, mudogo wangu. Kama alioa mwingine, sema tu. Nitamupiga kidogo, halafu nitamusamehe.”

Watu wakacheka, naye akacheka, lakini alikuwa ameushika mkono wangu na hakuuachia. Ndipo, kwa kutaka kusema kweli yote, nikataja kwamba kabla ya filamu nilikaa Lulimba, kando ya njia ya wachimba dhahabu, nikichunguza wanavyotembea. Na sasa Angeline ameuza maharage aliyoyaweka kwa mbegu, na Jumatatu anakwenda Lulimba kumtafuta.

Darius anasema, “Dada, tengeneza ule muguu, atembee sawa, na mama ataacha kuota. Tena batu batatucheka: mutu wetu anatembea kama kuku ya kutoka mu shimo.” Huenda yuko sahihi. Lakini sijui tena kama mikono yangu, waya ulipokatika, haikumalizia mwendo wa mtu niliyemwona kweli. Simkumbuki mtu kama huyo, na kutokumbuka si ushahidi. Je, niurekebishe mguu, nimzuie Angeline, au nimwache aende?

Merveille, Baraka

Merveille, mwanangu,

Pole. Barua yako imenivutia, na hapo ndipo ninapokugombeza: umeiangalia mikono yako kwa makini kuliko mbegu za Angeline. Hukumdanganya. Lakini ulimtajia Lulimba, kisha ukabaki unajiuliza maswali peke yako. “Labda” kwako ni swali tamu. Kwake ni nauli.

Mguu usiguswe. Darius naye asikie: mkimnyoosha mtu yule leo, Angeline ataamini mmeficha ushahidi, na atakuwa na sababu.

Nenda Lusenda kabla ya Jumatatu, ubebe udongo, waya na simu. Mwache akate waya wa goti mwenyewe, asogeze, apige picha, aone kinachotoka. Sijui ataona nini, na wewe hujui; usiende kumchunguza, nenda kukaa naye. Halafu mwambie unachokijua, bila kuongeza wala kupunguza: uliona wachimbaji wengi, humkumbuki anayechechemea. Muulize pia kama anakubali filamu ionyeshwe kwingine, na akikataa, iwekeni kando.

Usiku huo huo wapigie simu waliokupokea Lulimba, waulizie jina la Manirakiza. Mpeleke Angeline kwa wale wanaosaidia kambini kutafuta jamaa waliopotezana. Aliyenunua maharage mfuate mapema, uyanunue tena kabla hayajaingia chunguni.

Na kama baada ya yote hayo bado anataka kwenda, usimfungie njia kwa elimu yako. Panda pikipiki pamoja naye. Yeye anaujua mwendo, wewe unaijua njia ile. Kaeni kando ya njia wote wawili, mtazame wanaopita.

Mama Georgette