Mbuzi wa Akika Niliyemuua Mimi

Bi Mkubwa,

Salamu hizi zinakuja kwa mkono wa Zuhura, mwanao. Mimi shule niliishia mlangoni, siku za kuwapeleka watoto. Kwa hiyo nasema mimi, anaandika yeye. Nimemwambia asinipambe. Nikisema jambo baya, aliandike baya vilevile.

Huu mwezi wa tatu tangu tukuzike. Sisi wazima. Chumba chako nafagia mwenyewe, sijamwachia mtu. Kanga yako ya zambarau nimeichukua na sikumwomba yeyote, maana wewe ulijua tangu zamani kwamba naimezea mate. Mume wetu magoti bado yanamsumbua. Zamu zako zote nimezirithi mimi, pamoja na mikoromo yake. Miaka yote ile ulikuwa unanibebea nusu ya mikoromo ile, Bi Mkubwa, nami sikukwambia ahsante hata siku moja. Ahsante.

Zuhura amerudi kukaa nasi hapa Miono tangu msiba. Watoto wake wakubwa, wanajipikia. Anapika vizuri, ila chumvi anaitia kwa woga kama wewe.

Sasa nisikilize. Sikukuandikia kwa ajili ya chumvi.

Kunde ulizopanda kabla kifua hakijakulaza zimestawi mpaka zinakera. Tunachuma, tunapika, tunawapa majirani, haziishi. Jumanne mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika. Mimi nikafungua zizi mapema. Wewe hukuwa ukifungua mpaka jua likaushe majani, najua, usinikemee. Kichwa changu hakijazoea kwamba kazi zako sasa ni zangu. Mbuzi wakatoka, na Madoa akapita pale kwenye mwanya wa uzio, mwanya wako wewe, uliokuwa ukipenyea kwenda kuchuma mboga. Akala kunde mbichi zenye maji mpaka akatosheka.

Madoa yule yule. Mbuzi uliyemwachia Zuhura kwa mdomo wako siku mbili kabla hujatutoka, na ana mimba.

Zuhura ndiye aliyeniita. Nikamkuta Madoa amesimama miguu wazi, shingo ameinyoosha, anapumua kwa mdomo. Ubavu wa kushoto umepanda juu ya uti wa mgongo. Nikaupiga kwa vidole, ukalia ngoma. Analala, anainuka, analala tena, anaguna. Hali hiyo unaijua. Tuliiona mara ngapi mimi na wewe? Wewe unamwinua miguu ya mbele juu ya kizingiti cha jiko, unamfunga kijiti mdomoni, unammiminia mafuta tone kwa tone. Mimi napiga magoti ubavuni namkanda tumbo kwa hii mikono yangu ya kutwangia. Ulikuwa unasema, "Bi mdogo, wewe leta mikono, subira nitaleta mimi." Nami mvi zote hizi bado bi mdogo.

Nikaleta mikono. Halafu nikageuka kukutafuta.

Zuhura akampigia simu bwana mifugo. Yuko Vigwaza, anachanja ng'ombe, hawezi kufika kabla ya adhuhuri. Akatuambia mafuta ya kula, kidogokidogo, mdomo wa mbuzi usipande juu kuliko macho yake, tusikimbilie kumtoboa tumbo. Maneno yako yote, kayasema kama aliyakuta kwenye mfuko wako.

Mume wetu naye huyo, anatoka na kisu. Magoti yote yamepona siku hiyo! Kamgeuza Madoa kibla, kakunja mikono ya kanzu. "Nipisheni nimchinje akiwa hai. Akifa hivi ni mzoga, hafai hata kwa supu." Nikamwambia, "Rudisha kisu, bado anapumua." Akasema, "Na nani atammiminia mafuta? Mwenye kazi hiyo hayupo. Na mwenyewe pia alituulia yule mbuzi mweupe. Mama Mzoga, Mungu amrehemu." Akalisema jina lile kwa mapenzi, Bi Mkubwa, machozi yanamlenga. Ulivyolizoea wewe mwenyewe, ukawa unaliitikia.

"Wewe hujawahi kummiminia mbuzi mafuta maisha yako," akaniambia.

Nikasema, "Nimewahi. Mara moja. Yule mweupe."

Zuhura ameinua kalamu. Namwambia andika, mwanangu, Jumanne nililisema kwa mkato, ulikuwa umeshika pembe na mbuzi anaguna. Andika.

Nilikuwa na miezi minne katika nyumba hii. Zuhura ameanza kutembea, bado hajachinjiwa akika ya kuzaliwa kwake kwa kukosa mbuzi, na mume wetu akahangaika mpaka akampata yule mweupe. Siku tatu kabla ya shughuli mbuzi akavimba. Wewe ulikwenda kisimani. Mimi nikajitia fundi, nataka ukirudi unikute nimemponya, mume anisifu. Nikamwinua kichwa juu kabisa kama mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo, nikambwagia nusu chupa. Akakohoa. Nikaona anakataa kwa ujeuri, nikaongeza. Mafuta yakaingia mapafuni. Ukafika na ndoo kichwani, mbuzi chini, povu puani, hata kisu hakikuwahi.

Uliitua ndoo. Ukaichukua chupa mkononi mwangu. Mume alipokuja kauliza nani, ukasema, "Mimi." Akakufokea mpaka majirani wakatoka. Siku nyingi hakula chakula cha mkono wako. Yule mbuzi tukamfukia nyuma ya migomba, mimi na wewe, na jina la Mama Mzoga likaanzia hapo, likaenda kisimani, likaenda sokoni, likakufuata mpaka msibani kwako, watu wanalitaja wanacheka na kulia.

Nilikuuliza mara moja tu, tukiwa tunapepeta mchele. Ukanijibu bila kuinua uso: "Wewe bado mgeni. Mimi ameshazoea kunikasirikia." Ukaendelea kupepeta. Nami nikanyamaza. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa hofu. Baada ya hapo nilinyamaza kwa sababu jina lilikuwa limeshakukaa, na kwangu ilikuwa raha. Huo ndio ukweli wake, sina mwingine.

Basi Jumanne mume wetu akasimama na kisu, mdomo wazi. Mimi sikuwa na nafasi ya kumtazama. Nikamwambia Zuhura alete chupa ya mafuta, apige magoti mahali pangu, akande. Mimi nikakaa mahali pako.

Nikaingiza mdomo wa chupa pembeni, palipo na pengo la meno, kichwa nikakiacha chini. Nikamimina kidogo. Nikangoja ameze. Nikamimina. Nikangoja. Sijawahi kungoja hivyo kitu chochote, hata watoto wangu tumboni sikuwangoja hivyo. Akakohoa mara moja, nikaondoa chupa hapo hapo, nikasikia sauti yako: "Akikohoa, acha. Hata kama mwenye mali anapiga kelele, acha." Nikaacha. Nikahesabu pumzi zake. Alipotulia, nikaanza tena.

Kijiti nilichomfunga mdomoni kikamfanya atafune. Zuhura anakanda, jasho linamdondoka kwenye pua. Mikono yake si yangu lakini inafunzika. Tukakaa hivyo mpaka kivuli cha jiko kikatufikia. Kisha Madoa akapiga mbweu. Mbweu ya mtu mzima, Bi Mkubwa, yenye harufu ya kunde zako. Ikafuata nyingine. Povu la kijani likamtoka, ubavu ukaanza kushuka. Zuhura akacheka, akalia, akampangusa Madoa mdomo kwa kanga ya zambarau niliyojifunga. Sikumgombeza.

Bwana mifugo alipofika akamkuta amesimama. Akampima, akasema mimba iko salama, ila tusimwache karibu na kunde, na siku ile ale majani makavu tu.

Mume wetu alikiosha kile kisu, na hakikuwa na hata doa. Usiku alikula kidogo. Ijumaa baada ya sala alikwenda makaburini, akakaa mpaka nikamtuma mtu. Alichokwambia mnajua nyinyi wawili, sikumuuliza.

Na Zuhura? Kanisikiliza yote, tangu Jumanne hiyo, na hakunigombeza. Jana tu, tunachambua mboga, akaniambia, "Mama mdogo, mama alishaniambia. Siku aliyonipa Madoa." Kumbe ulisema! Na ukamwambia asinitajie mpaka nitaje mwenyewe. Mwanamke wewe. Hata kaburini unaningoja nimeze.

Uzio nimeuziba. Ukitaka kupita, zunguka mlangoni kama watu wengine.

Pumzika, Bi Mkubwa. Mungu akupanulie kaburi, akupe kivuli na maji. Nakuahidi mambo mawili. Zizi halitafunguliwa majani yakiwa na maji, mimi nikiwa hai. Na lile jina hutaitwa tena katika uwanja huu. Nimemwambia mume wetu hivyo hivyo, mbele ya mwanao.

Akafikiri siku mbili. Leo asubuhi amekaa kibarazani anataka uji, akanigeukia mimi, akaita, "Mama Mzoga!"

Nikaitika, "Labeka."

Mimi, bi mdogo wako.