Sarafu Juu ya Sindano

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo na mgongo umekupa nafuu. Mimi mzima wa mwili, ila roho haitulii. Tangu uliponiandikia kwamba sikio la kushoto limekwisha na daktari anasema la kulia halitafika mwisho wa mwaka, kila nikiona kalenda naipa mgongo.

Basi nimeamua. Nimenunua mashine ya santuri. Usishtuke, ni ya mitumba, haina kifuniko, na mkanda wake umelegea mpaka waimbaji wote wanasikika kama wamepewa dawa ya usingizi. Amplifaya nimeazimwa na fundi mwenzangu hapa kwenye karakana ya miwani. Spika mbili nimezipata kwenye ukumbi uliobomolewa, moja imetoboka kidogo. Bado sindano mpya na mkanda mpya. Nanunua kimoja kimoja, kila mshahara na chake.

Naomba uniletee santuri ya Mama, ile aliyoimba na kwaya ya kiwandani mwaka mmoja kabla hajatuacha. Najua nakala nyingine hatujawahi kuiona popote. Najua pia niliichubua kwa ukucha nikiwa na miaka saba, pale anapoimba peke yake. Safari hii nitaitunza. Nataka umsikie kabla sikio halijafunga.

Mwanao,
Kidole

20 Machi

Kidole wangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika lakini unafanya kazi, kama sisi wote. Hapa dukani wateja wameshanizoea, wananionyesha kwa mkono nywele ziishie wapi. Jana mmoja hakuonyesha, nikamnyoa kipara. Alilipa akaondoka bila kusema neno, au labda alisema.

Santuri naogopa kuiachia, lakini nimempa shangazi yako, anakuja huko Jumamosi. Nimemwambia aipakate kama mtoto mchanga, asiiweke chini hata kidogo.

Ikirukaruka, weka sarafu juu ya kichwa cha sindano. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya hapa, maana kila nikikanyaga pedali ya kiti cha kunyolea, sakafu nzima ilitikisika na sindano ikaruka. Sarafu ileile ninayo mpaka leo mfukoni. Lakini tafadhali, usiicheze mpaka kila kitu kiwe sawa.

Baba yako

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Shangazi amefika na santuri imefika, wote salama, ingawa shangazi amechoka zaidi.

Sindano nimeipata. Sonara wa mlango wa pili amenipimia uzito wake kwa mizani yake ya dhahabu: inatakiwa ikae juu ya santuri kwa gramu mbili, basi. Nikakumbuka maneno yako, nikampa na sarafu kama yako aipime. Gramu saba, Baba! Huko si kucheza santuri, ni kuilima.

Halafu nikaitazama kwa lenzi ya kazini, ile tunayotafutia mikwaruzo kwenye vioo. Ukucha wa mtoto wa miaka saba ungekata mifereji inamopita sindano kwa kukatiza. Pale pa Mama hakuna kilichokatiza. Mifereji yenyewe ndiyo imelika, duara kwa duara, tena imejaa poda na vinywele vya dukani kwako. Nikairudisha kwenye jalada.

Ilikuwa mimi kweli? Nijibu upesi.

Mwanao,
Kidole

14 Mei

Baba,

Shikamoo. Wiki tano kimya. Shangazi anasema u mzima, unanyoa, unakula. Kama unaumwa, niambie. Kama swali langu limekukasirisha, basi kasirika kwa barua, nijue.

Mkanda mpya umefika. Nimeisawazisha mashine kwa bilauri ya maji mpaka maji yakatulia pande zote. Kila jioni nikitoka kazini nasafisha mifereji kwa brashi laini, upana wa ukucha kwa siku, si zaidi. Sijaicheza. Naliogopea sikio lako, na jibu lako naliogopa pia.

Mwanao,
Kidole

22 Mei

Binti yangu,

Marahaba. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mwoga.

Haikuwa wewe. Baada ya mazishi nilikuwa nafungua duka asubuhi mapema, kabla mteja hajaja. Naweka sindano pale anapobaki peke yake, sarafu juu, akimaliza narudisha. Miezi na miezi. Siku moja sauti ikaanza kukwama. Siku hiyohiyo nikakukuta umeishika, unaigeuza, unamtafuta mama yako upande wa pili. Nikapiga kelele kwamba umeiharibu. Shangazi zako wakasikia, wakakuita Kidole, nami nikalishika jina hilo kwa sababu lilinisitiri.

Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwambia. Ukakua mtu wa kuogopa kugusa kitu cha mtu, na mimi naona, na ninanyamaza. Nisamehe, mwanangu. Sauti ile niliimaliza mimi.

Baba yako

30 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimelia, kisha nikakasirika, kisha nikaenda kazini nikavunja lenzi mbili za mteja. Miaka ishirini na mmoja naingia nyumba za watu nimetia mikono mfukoni. Siwezi kukuandikia kwamba si kitu. Ni kitu.

Lakini sikio lako halitangoja hasira zangu ziishe. Njoo na basi la Jumamosi. Kiti chako nimekiweka mbele ya spika isiyotoboka.

Mwanao. Lile jina usiniite tena.

8 Juni, juu ya mashine

Binti yangu,

Umekwenda kazini, nami nawahi basi. Nimeona niandike, maana ningekungoja ningeshindwa kusema.

Jana uliponiuliza kama nimemsikia, niliitikia kwa kichwa. Nilikudanganya. Sitaki na hili likae miaka. Ngoma niliisikia, na lile gitaa zito, na kwaya kwa mbali, kama watu walio chumba cha pili. Alipobaki peke yake sikusikia kitu. Sauti nyembamba zote zimeniaga.

Nikakutazama wewe. Ulikuwa unaimba naye, midomo tu, neno kwa neno. Mimi ndiye niliyekukataza kuisogelea mashine, maneno uliyajulia wapi? Kumbe asubuhi zile ulikuwa nyuma ya mlango wa duka, ukisikiliza. Basi nikamfuata mama yako kwenye midomo yako, nikajua kila alipofika. Pale palipokuwa pakikwama, hukusita. Alipita moja kwa moja mpaka mwisho.

Sarafu nimekuachia hapa. Usiiweke juu ya kitu chochote.

Baba yako