Makofi ya Kichupa Kisicho Changu

Usinipigie, siwezi kuongea. Nimejifungia kwenye choo cha maabara.

Ile seli ya sola iliyovunja rekodi yetu? Niliyopigiwa makofi kikaoni leo asubuhi? Si yangu, mwenzangu. Kemikali ya kupokea elektroni iliyomo ni ya Mpole, yule kaka wa meza ya pili. Ile niliyokuwa naiita matope mbele za watu!

Nilichanganya vichupa, nikatumia chake nikidhani ni changu. Na nilijua kabla ya kikao! Nilikiona changu kimejaa vilevile, hakijaguswa. Nikanyamaza. Profesa akasema, "Simama wakuone." Nikasimama. Tena nikatabasamu!

Baadaye nikamfuata Mpole. "Kaka, ile ni kazi yako."

Hakushtuka hata. Aliendelea kuosha vyombo vyake. "Najua. Nimeitengeneza miaka miwili, nitashindwa kuijua rangi yake?"

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nikalia pale pale kama mtoto. Nikamwambia twende kwa profesa, nitasema mwenyewe. Na nimesema, yote, hadi lile la matope.

Lakini kabla hatujaingia, Mpole alinisimamisha mlangoni, akanipa kitambaa. "Futa uso kwanza, dada."

Bora angenitukana.