Mluzi Hakurudia Unga

Ghorofa ya kwanza, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu kwako na kwa wote ulio nao nyumbani. Nasikia mgongo bado unakusumbua na huko baridi imeanza. Vaa viatu vya maana, acha urembo. Mimi bado nipo, ingawa daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Siku hizi ananiambia tu, “Mzee, tutaonana.” Mkono unatetemeka, kwa hiyo herufi utazisahihisha mwenyewe, kama nilivyokuwa nikikusahihisha wewe.

Nisikuzungushe. Kuna jambo nimelificha hadi mke wangu akaingia kaburini bila kulijua. Kijana tuliyemlea, yule mnayemwita “teja wa Mjomba”, hakurudia unga akiwa kwetu. Kipimo kilichomtoa nyumbani kwangu kilidanganya, na mimi nilijua kuwa kinadanganya.

Ninakuandikia kwa sababu ya barua yako. Umesema binti uliyempokea kumlea kipimo chake cha mkojo kimetoka kibaya, na kwenye kikao cha ustawi wiki ijayo utawaambia wamchukue, kwa kuwa “hata Mjomba na elimu yake yote alishindwa.” Umenifanya ushahidi. Ushahidi huo ni mbovu. Utupe.

Kijana wetu tulimpokea muda mfupi baada ya kumzika binamu yako. Unga ndio uliommaliza mwanangu, na mke wangu akasema hawezi kukaa na chumba kitupu. Sikumpinga. Kupinga kulitaka nguvu, nami sikuwa nazo.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Tulimwita Mluzi kwa sababu hakuingia chumba chochote bila kupiga mluzi kwanza kwenye korido. Muuguzi wa kliniki ya waraibu, mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa kuliko yeye, alitueleza sababu: katika nyumba alizopitia, watu walimjia kwa nyuma. Basi yeye hataki kumjia mtu hivyo. Na sisi tusimjie hivyo. Tufanye kelele kidogo tukikaribia, na tusisimame mlangoni tukamzibia njia.

“Nigonge sufuria nyumbani kwangu mwenyewe, kama muuza barafu?” nikamuuliza.

“Gonga, mwalimu,” akasema. “Uza barafu mpaka mtoto apate usingizi.”

Akanipa na somo la sarufi, mimi niliyefundisha sarufi hadi kustaafu. “Usiulize amefanya nini. Uliza amefanywa nini.” Nilicheka moyoni. Kauli ya kutendwa! Nimeiandika ubaoni maisha yangu yote bila kujua kuna watu wanaishi humo.

Mke wangu hakuhitaji somo. Arosto ilipombana kijana, mwili ukiudai unga wake, yeye alikaa sakafuni mbali kidogo na mlango, akimenya viazi. Hakumhubiria wala kumfungia. Siku kijana alipovunja kioo cha bafuni alimpa ufagio, akachukua mwingine, akasema, “Wewe anza kule, mimi naanza huku.” Mimi ningempa kofi na hotuba.

Kijana akaanza kunenepa. Akanitengenezea redio, ikawa inashika stesheni moja tu, ile nisiyoipenda. “Babu, hiyo ndiyo inakufaa,” akaniambia, “ina mawaidha.” Mke wangu alicheka mpaka akashika meza.

Kisha Mluzi akashikwa na kikohozi. Kati ya maagizo yote ya kliniki, moja nililielewa vizuri: asipewe dawa yoyote, hata ya kichwa, kabla ya kumuuliza muuguzi. Mke wangu alikuwa ameenda kwa dada yake. Kikohozi kile kilinichosha. Nikachukua chupa yangu ya dawa ya kifua, ile niliyoandikiwa na daktari, nikammiminia kijiko.

Akasita. “Babu, hii inaruhusiwa?”

“Nimelea mtoto kabla huyo muuguzi wako hajavaa sare. Kunywa.”

Akanywa, kwa heshima yangu. Kesho yake nikampa tena. Dawa ile ina kodeini ndani yake, na kodeini na unga ni ukoo mmoja. Kikombe cha kupimia mkojo hakijui kuwatofautisha. Niliyasoma hayo kwenye karatasi ya dawa baada ya kliniki kumpima na kipimo kusema ana unga, kabla ya kikao cha kumjadili. Zingatia hilo: kabla ya kikao.

Tuliketi kwenye chumba kidogo chenye feni inayolia na viti vya plastiki. Ofisa ustawi wa jamii alitaka kijana apelekwe kituo cha kufungiwa. Muuguzi peke yake ndiye aliyetafuta njia. Alimuuliza Mluzi kama kuna dawa aliyotumia nyumbani, hata ya mafua. Mluzi akanitazama. “Muulizeni Babu,” akasema. Hakunishtaki. Alinipisha niseme mwenyewe.

Nikasema, “Hakupewa kitu.” Ona nilivyoipanga sentensi, haina hata mtendaji.

Mke wangu akamwambia, “Umeniangusha, mwanangu.” Naye akajibu, “Nisamehe, Mama.” Aliomba msamaha wa kosa langu, nami nimekaa pale nimekunja miguu.

Huko kituoni hakudumu. Alitoroka, akaurudia unga kweli, kama tulivyokuwa tumeshamsingizia, na unga ukamuua. Mke wangu akawa amezika wana wawili. Kila alipomtaja alisema, “Sijui nilikosea wapi,” na mimi nilimwambia anywe chai yake isipoe.

Basi rudi kwa huyo binti. Fanya kelele kidogo ukiwa njiani. Muulize amekunywa nini, nani kampa, nani kamtisha, kisha nyamaza umsikilize. Huenda amevuta kweli. Hata kama amevuta, muuguzi alituambia tangu mwanzo kwamba anayepona huanguka na kuinuka, na kumtupa nje siku aliyoanguka ni kumrudisha kwa wale wale waliomvunja. Nilimsikia vizuri sana. Ukiona inafaa, wasomee barua hii kwenye kikao. Heshima yangu haina kazi tena.

Nisalimie mumeo, na wale mapacha wasiopenda kusalimia watu kwenye simu. Dada yako mkubwa mwambie nimepata shuka alizotuma, ni laini mno kwa mzee. Mungu akutunze, atunze na hao walio chini ya paa lako, akiwemo huyo binti.

Ningeweza kuishia hapo. Ungejisemea kwamba mzee aliogopa aibu, aliogopa kunyang'anywa kibali cha ulezi, ukanihurumia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia miaka yote, maana woga ni sababu yenye staha kidogo. Lakini haikuwa hiyo. Siku chache kabla ya kikao nilikuwa kitandani, nikawasikia jikoni, yeye na mke wangu, wanachekeana juu ya wali ulioungua. Nikatambua kwamba huyu atapona. Wangu hakupona. Huyu mtoto wa watu, chini ya paa langu, mikononi mwa mke wangu, atapona. Sikuogopa chochote, mpwa wangu. Nilitaka naye asipone.

Akupendaye hata ukiacha kumpenda,
Mjomba wako