Fungu la Zana za Baba

Mdogo wangu mpenzi, Kitindamimba wetu,

Kosa wanalofanya wengi kwa neno la Kiingereza lot ni kudhani kwamba maana yake ni “nyingi”, kisha wakafunga daftari. Lakini tazama, nimeanza somo kabla ya salamu. Anayestaafu ni mwalimu. Ualimu wenyewe haustaafu. Hujambo? Wifi yangu amepona kile kikohozi? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi lina maamuzi yake. Kaka yako Fundi naye ni mzima wa mwili. Mengine nitakueleza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Unasema dalali alikutumia karatasi ya mnada kama ulivyomwomba, ukakuta zana zote za Baba zimeandikwa pamoja na takataka za karakana chini ya namba moja, Lot 17, na pembeni imeandikwa kuwa hazikununuliwa. Unauliza inakuwaje mtu aliyesoma achanganye randa na makorokoro. Unauliza pia, kwa ukali kidogo, kama Fundi alimzunguka dalali. Nitajibu yote, ila kwa mpangilio wangu.

Wewe unapima viwanja, kwa hiyo maana moja ya neno hilo unaishi nayo: kipande cha ardhi chenye mipaka. Hapa mnadani, ninakoandika karatasi za bidhaa kwa lugha zote mbili, maana yake ni fungu, yaani vitu vilivyowekwa pamoja ili viuzwe kwa bei moja. Kiwandani ni dawa au rangi iliyotengenezwa kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana kila chupa ina namba. Ukiwaita watu hivyo, ni lile kundi lao, na mara nyingi hulipendi. Sisi tuna kura, fungu, kiwanja, majaliwa na tele, kila neno na kibarua chake. Mwingereza ni bahili. Analituma neno moja sokoni, shambani na kaburini bila kulipatia hata mapumziko. Sasa, maana iliyo kongwe kuliko zote ni kijiti kilichotiwa alama, kikatumbukizwa chomboni pamoja na vya wenzake, kikachomolewa ili ijulikane nani anapata nini. Kutoka hapo likawa ni lile lililokuangukia. Wingi ulikuja mwisho kabisa.

Nakueleza haya kwa sababu barua zako tangu Baba afariki zinazungumzia wingi tu. Nani kapewa zaidi, nani kapunjwa. Uliandika kwamba karakana iuzwe, tugawane watatu sawasawa, yaishe. Nilikubali kuzipeleka zana mnadani, na Fundi hakupinga. Nilipomuuliza kwa nini hapingi, alisema hataki kesho aonekane amekula urithi wa wenzake, na kwamba kama tunauza, tuuze, yeye si msumeno wa kurithiwa. Kisha akaenda kuwaambia wateja wake wachukue milango yao ilivyo, mingine bila bawaba.

Lori lilikuja likazoa kila kitu. Kwa muda wote zana zilipokuwa ghalani zikisubiri siku ya mnada, Fundi alikuja kila asubuhi. Alisema anaangalia kama unyevu hauzifikii. Alikuwa na kitambaa na kichupa cha mafuta, anafuta misumeno, anaangalia makali ya patasi, anarudisha kila kitu mahali pake. Dalali wetu, ambaye tunamwita Radi kwa sababu ya sauti yake, alimwambia kwamba hawa si wagonjwa waliolazwa, hakuna haja ya kuja kuwaona na uji. Fundi alicheka, na kesho yake akaja tena. Siku moja mlango wa ofisi yetu, unaokwama tangu nianze kazi, ulimkera. Aliomba ruhusa ya kuchukua randa kutoka kwenye fungu, akaulaza mlango chini, akaukwangua ukingo, akaurudisha, akaipangusa randa na kuirudisha ilipotoka. Mteja mmoja aliyekuwa akikagua bidhaa akamuuliza Radi kama na huyu fundi yumo humohumo kwenye fungu, maana kama yumo, yeye ananunua. Watu walicheka sana. Mimi nilienda kuhesabu bahasha ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa.

Sasa nikueleze desturi ya nyumba hii, maana bila hiyo hutaelewa yaliyotokea. Mwenye mali ndiye anayepanga mafungu yake. Wajanja huweka kitu kizuri kimoja pamoja na vibovu viwili vitatu, ili anayetaka saa ya ukutani aondoke na viti vilivyovunjika pia. Radi huviita vibovu hivyo wasindikizaji. Fungu likishagongewa nyundo haligawanywi, na mnunuzi sharti aondoe kila kilichomo kabla lango halijafungwa jioni, la sivyo anatozwa faini. Lisiponunuliwa, linarudi lilikotoka.

Siku ya mnada Radi alilifikia fungu la kumi na saba, akalitazama, kisha akaja mezani kwangu na kuninong'oneza: hili, Mwalimu, ni fungu la kuuza au la kufukuzia watu? Nikamwambia asome karatasi kama ilivyo. Akasoma. Meza ya kazi na jiliwa lake la kubania mbao, randa, patasi, misumeno, keekee ya kutobolea. Mikono ikaanza kuinuka. Akaendelea: kabati la nguo lililoliwa na mchwa, milango mibovu, mapipa ya gundi iliyoganda, magunia ya maranda na vumbi la mbao, na lile jiwe la kunolea ambalo hata Baba alilikuta na akashindwa kulihamisha. Mikono ikashuka mmoja mmoja. Seremala mmoja alisema kwa sauti kwamba anataka randa, hataki kuhama nyumba.

Akabaki mnunuzi wa vyuma chakavu. Huyu alinitia hofu, nakwambia ukweli. Alilizunguka fungu polepole, akabonyeza jiliwa, akapima misumeno kwa macho ya mtu anayeona kilo. Zile randa zingekwenda kuyeyushwa. Aliinua mkono. Radi akataja bei, akaitaja tena. Kisha yule bwana akauliza kama magunia nayo ni lazima. Radi akamjibu kwa ile sauti yake kwamba hapa hatuuzi nyama bila mfupa. Ni vyote, hadi vumbi, kabla ya jioni, na kabati likivunjikia getini atafagia mwenyewe. Yule bwana akaangalia mkokoteni wake, akaangalia kabati, akauteremsha mkono kana kwamba alikuwa anajikuna tu. Nyundo haikugongwa. Asubuhi iliyofuata lori lilirudisha vyote karakanani.

Mdogo wangu, Fundi hakumzunguka mtu. Fungu lile nililipanga mimi, kwa mikono yangu, kwa makusudi, ili lisinunulike. Nilipita karakanani siku moja kabla ya lori, nikaongeza kwenye orodha kila kilichokuwa kizito na hakina faida. Nilikuahidi kuzipeleka zana mnadani, nikazipeleka. Ahadi ya kwamba zitanunuliwa hukunitoza, nami sikuitoa. Fundi hajui hadi leo. Anadhani ni bahati.

Utaniita mjanja, na ni haki yako. Lakini nisikilize. Ulipofika umri wa kwenda shule ya bweni, na mimi nikiwa chuoni, Fundi ndiye aliyetolewa darasani ili Baba apate mkono wa pili wa kutafuta ada zetu. Hakupigiwa kura wala kuulizwa. Najua wewe uliliona jambo hilo kwa upande mwingine: Fundi alibaki na Baba, wewe ukasafirishwa na sanduku la bati, na kila likizo ulipokuja ulikuta wawili hao wana mzaha ambao huuelewi. Uliwahi kuniambia, na sikusahau. Hilo nalo lilikuwa pengo lako, sikatai. Lakini mimi na wewe mafungu yetu tulishayapokea, tukayavaa kama sare, tukayatumia hadi tukapata kazi. Tukisema leo tugawane sawasawa kilichobaki, tunagawana la Fundi.

Kwa upande wangu nimeamua: sehemu yangu ya karakana namwachia. Yako siwezi kuiamua. Ukisema ziuzwe, sitakuchezea tena. Nitazipanga upya, kila randa peke yake, patasi kwa seti, bila msindikizaji hata mmoja, na zitaisha kabla ya adhuhuri. Namna ya kuuza ninaijua pia. Kwa sasa kila kitu kipo karakanani, na ufunguo ninao mimi. Fundi hajauomba. Amekaa kibarazani kwake, anachonga vijiti vya kuchokolea meno kwa kisu cha jikoni, na jirani zake sasa wanavyo vya kuwatosha hadi meno yaishe.

Nisalimie wifi yangu sana, na wanangu wote wawili. Mwambie yule mdogo kwamba mchoro wake wa nyumba yenye madirisha mengi kuliko ukuta nimeubandika mezani kazini. Radi naye, ambaye hamjawahi kuonana, anakusalimu kwa sauti ya kawaida.

Usinijibu mimi kwanza. Mpigie Fundi simu leo, umwambie mwenyewe kwa kinywa chako kama aje kuchukua ufunguo au asije.

Akupendaye,
Dada yako mkubwa