Sikio la Ndovu Ulilolichora

Mama Wakesho, mke wangu,

Nembo uliyoichora si yetu tena. Nakuambia mapema kwa sababu hukupenda kuzungushwa.

Unaikumbuka Jumapili ile hapa Voi, tumetoka kanisani, maharagwe yako jikoni? Mimi na rafiki yangu Mwadime tulikuwa tumemaliza programu yetu, ile ya kuwatumia wakulima ujumbe wa simu ndovu wakitoka mbugani. Tuliiandikia leseni ya uhuru: yeyote aichukue, aitumie, airekebishe bila kuomba. Ilikosa nembo tu. Ukachukua daftari la hesabu la Wakesho, ukachora sikio la ndovu na ndani yake bua la mahindi. Nikakucheka kwamba ni jani la nduma la kwenu Mwanda.

"Cheka tu," ukasema. "Wewe hata kuku huwezi kuchora." Ilikuwa kweli.

Ukauliza kama uandike jina lako chini. Mimi ndiye niliyejibu, "Jina ni ya nini? Si hii kitu ni ya watu wote? Mpe Mwadime aiweke."

Mwadime akaipiga picha, akaiweka mtandaoni pamoja na programu. Kumbukumbu za mradi zikaandika jina lake, na ziko hivyo mpaka leo. Leseni yetu nayo ilitaja programu peke yake. Mchoro hatukuuandikia hata mstari mmoja. Tulidhani aliyetoa nyumba ametoa na mlango.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hukuwa umemaliza mwaka kaburini Mwadime akafungua kampuni yake na kuisajili nembo kuwa alama yake ya biashara. Sasa iko kwenye programu yake ya kulipiwa, na wakulima wanaichukua wakidhani ni ile yetu. Sisi tumeandikiwa barua tuifute kila mahali. Nina hasira, Mama Wakesho. Mtu yule nilimlisha mezani kwako.

Nilienda kwa wakili na Wakesho. Siku hizi amenipita kwa urefu, na mdomo ni wako mtupu. Wakili alitueleza kwamba hakimiliki ya mchoro ni ya aliyeuchora, na akifa inabaki kwa warithi wake, kwa hiyo usajili ule unaweza kupingwa. Wakesho akanishika mkono.

"Lakini mzee," wakili akasema, "niletee karatasi yenyewe, ile alichora na mkono. Bila hiyo, record inasema ni ya Mwadime."

Wakesho ndiye aliyesema, polepole, "Baba, si uliiweka na Mama?"

Niliiweka. Kule Mwanda, kabla jeneza halijafungwa, shangazi zako walikuwekea leso na kitabu cha nyimbo. Mimi sikuwa na kitu, nikakuwekea daftari lile chini ya mikono yako.

Wakili alisema mahakama inaweza kuombwa ruhusa ya kufukua. Wakesho alilia palepale ofisini.

Jana nilisaini kwamba hatutaitumia nembo tena wala hatutaidai. Nimeifuta kwenye mradi mimi mwenyewe. Ndugu zako watasema niliogopa. Waache waseme. Nilikunyima jina lako ukiwa hai. Siwezi kukutoa kaburini uje kulidai.

Pumzika, mke wangu. Nisamehe ukiweza.

Mumeo,
Baba Wakesho