Mama, Nilikaa Vibaya Mbele ya Kichwa cha Jiwe

Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa mbali sana na Likasi, mji wetu wa Kongo, karatasi iko juu ya goti. Usikasirike na mwandiko.

Tangu utuache, mdogo wako Odile ndiye aliyenichukua. Shule nimemaliza, kazi hakuna. Papa anakwenda kiwandani, kazi imesimama, anakaa mlangoni, anarudi. Mama mdogo akasema nimsaidie kubeba nguo anazonunua Bangkok kwa ajili ya soko letu la Kikula. Nikakubali kwa kichwa tu, unanijua.

Jana ndani ya gari-moshi kutoka Bangkok ndipo aliponiambia lililobaki: "Weye utabakiya huku, utachunga mizigo mpaka nitarudiya." Atarudi lini? Hakusema. Nami bado navaa nguo nyeusi, kilio chako hakijaondolewa, wanawake hawajakuimbia nyimbo za mwisho. Nikatazama dirishani.

Tulishuka Ayutthaya, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Thailand zamani. Mama mdogo alikuwa na miadi na muuza vitambaa. Akaniacha kwenye magofu ya hekalu, akaondoka na pasipoti zetu zote mbili mkobani.

Mama, niliogopa mahali pale. Minara ya matofali imeinama kama itaanguka, kuta zimesimama bila paa. Maadui waliuchoma mji huo, na sanamu za Buddha zimekaa safu kwa safu bila vichwa. Wageni wengine walipiga picha wakicheka. Mimi niliona barabara yetu: majirani waliofukuzwa kwa sababu ya kabila lao, wewe na mimi tukiwapelekea maji stesheni walikolala, na tuliporudi, bati na milango yao imekwisha kung'olewa.

Kisha nikafika penye kichwa kimoja cha jiwe. Mizizi ya mti imekizunguka chote, uso tu umebaki nje, umetulia. Ulikuwa kama wako siku ile ulipolazwa sebuleni, kabla ya kukuzika. Nikakaa chini jinsi wanawake wanavyokaa kwetu kwenye kilio, miguu nimeinyoosha mbele, nikalia kwa sauti. Mimi, ambaye siku ya kukuzika sikutoa hata mlio.

Mlinzi akaja mbio akinigombeza, kidole kimeelekea viatu vyangu. Sikuelewa hata neno. Watu wakageuka. Nilidhani ananikamata, na pasipoti sina, na mama mdogo simwoni. Nikawa naomba radhi tu, "pardon, pardon". Ndipo mwanamke mmoja muuza maua akachuchumaa karibu nami. Akanikunja miguu polepole, akaigeuza nyuma, akaonyesha kile kichwa, akatikisa kidole. Kumbe kwao, kumwelekezea mtakatifu nyayo ni kumtukana! Kwetu ndivyo tunavyomlilia mtu wetu.

Nikabaki vile, magoti yakiniuma, nikiwaza: mahali nisipojua hata kukaa chini, nitaishije peke yangu?

Mama mdogo aliporudi, nilisema kabla woga haujanifunga tena: "Mama mudogo, miye narudiya na weye."

Akanikazia macho. "Kumbe uko na kinywa! Na mizigo, nani atachunga?"

Nilisimama tu, nikirudia neno lile lile, machozi yananitoka. Akaguna, akasema nina kichwa kigumu kama cha dada yake. Tulipokuwa tunangoja gari-moshi ndipo aliposema tena, bila kunitazama: "Basi balo kubwa ya nguo utabeba weye, mpaka Kikula. Na usinililie njiani."

Bado naogopa, Mama. Naogopa ndege, naogopa askari barabarani, naogopa nyumba yetu isiyo na sauti yako. "Woga haiuaka muntu," ulikuwa ukiniambia ukinisukuma mlangoni. Sijui kama ni kweli kwamba hauui. Lakini siku ya kuondoa kilio chako nitakuwepo, katikati ya wanawake, na wimbo wa kwanza nitauanzisha mimi, hata sauti ikikatika.

Pumzika sasa. Niko njiani.

Binti yako,
Clarisse